Mashine Yenye Kwikwi

Mwezi uliopita nilikuwa Ifakara, ndani ya steshenari moja karibu na stendi, nikichapisha maelezo ya shamba. Kijiji lilipo shamba hilo kinapima maeneo ya watu ili kila mmoja apate hati, na fomu inamtaka mwombaji aeleze kwa ukurasa mmoja shamba lilimfikiaje, na kama karatasi za zamani zipo zote. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwa mkono. Binti wa steshenari alinipa shikamoo, akaipokea karatasi, akauliza huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta:

"Mama, nikuwekee fonti gani?"

"Weka yenye viatu."

Akageuka. "Yenye nini?"

"Basi, weka yoyote."

"Nakuwekea hii. Ndiyo wanayoitumia wote," akasema, akaanza kupiga.

Jibu langu lilinishangaza hata mimi. Sikuwa nimelitamka neno hilo, kwa maana hiyo, kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtu niliyekuwa nikilitamka naye amekwisha kuzikwa. Kwa kuwa binti alipiga polepole na mvua ilikuwa imeanza nje, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikapata muda wa kukumbuka kwa mpangilio.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Lipangalala, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati lililovuja sehemu moja tu, ila sehemu hiyo ilihamahama. Bibi alikuwa na shamba la mpunga bondeni, ukishapita Michenga, katika kijiji ambacho sitakitaja. Wakati wa likizo tulihamia huko kupalilia na kufukuza ndege. Siku za shule tulikaa mjini na bibi alipika vitumbua vya kuuza. Usiku aliloweka mchele, alfajiri akautwanga, na kabla jua halijatoka nilisikia kijiti chake kikigonga ukingo wa chuma kila alipogeuza kimoja. Harufu ya hiliki ilinifikia kitandani kabla ya sauti yake. Kazi yangu, kabla ya kuvaa sare, ilikuwa kufunga.

Wewe uliyekula vitumbua vya zamani unajua vilikuja na nini. Havikuja na mfuko wala bahasha, vilikuja na karatasi yoyote iliyokuwa imemaliza kazi yake ya kwanza. Sisi tulipata karatasi sehemu tatu. Mwenye duka wa mtaani kwetu, mzee wa asili ya pwani, alitupa magazeti ya zamani. Shuleni walitupa mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Na katika marobota ya magazeti yale, mara kwa mara, zilijipenyeza kurasa za vitabu vya sala vilivyochakaa, na mara chache kurasa za maandishi ya Kiarabu.

Hapo ndipo bibi alipokuwa na sheria. Ukurasa wa sala haufungi kitumbua. Unawekwa kwenye kikapu chake, na Jumapili unapelekwa kwa katekista, yeye ndiye anayejua namna ya kuuondoa. Ukurasa wa Kiarabu unarudishwa kwa mwenye duka, kwa mikono miwili. Kilichobaki ndicho kinachochanwa. Kazi hiyo ya kuchambua aliifanya mwenyewe kila jioni, karatasi mia kwa wakati mmoja, na aliifanya haraka kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, ingawa hakujua kusoma hata jina lake.

Aliwahi kuhudhuria ngumbaru siku mbili, akaacha. Mwalimu, alisema, alitaka kujua herufi inasema nini, na yeye alikuwa bado anatazama imesimamaje. Ndivyo alivyozijua herufi, kama unavyomjua mtu wa mtaani kwenu kwa mwendo wake, hata usipojua jina lake. Herufi za kitabu cha sala zilivaa viatu: kila mguu ulikuwa na kakisigino kembamba chini, na ile inayofanana na ndoano, yaani g, ilikuwa na matumbo mawili, moja juu ya jingine. Za gazeti nazo zilivaa viatu, ila vimekanyagwa, wino umetambaa pembeni. Vichwa vya habari vilikuwa vinene na peku. Herufi za taipureta zilikuwa kundi la peke yake, kwa sababu zote zilipewa kiti cha ukubwa mmoja. Ile nyembamba, i, iliongezewa miguu mirefu ili ikijaze kiti chake, na m ikabanwa mpaka ikakosa pumzi.

Hata taipureta hazikuwa sawa kwake. Ya shuleni ilikuwa na mafua: a na e zilikuwa zimeziba wino tumboni. Ya ofisi ya kijiji, kule bondeni lilipo shamba, ilikuwa na kwikwi. Ilipofika kwenye k iliruka, k ikakaa juu ya mstari kidogo, halafu ikatulia mpaka k nyingine. Na Kiswahili, kama unavyojua, hakikosi k.

Nilizijua habari hizi zote nikiwa na miaka minane. Nilipofika darasa la tano nilianza kuzidharau. Nilikuwa nasoma gazeti zima kwa sauti, walimu walinisifu, na niliona hakuna sababu ya kutazama visigino vya herufi wakati herufi zenyewe zinanieleza kila kitu.

"Usisome," bibi alikuwa akiniambia. "Tazama kwanza."

"Bibi, nikisoma nitajua ni nini."

"Utajua inasema nini. Ni nini, hutajua."

Mwaka huo jirani wa shamba, mwanamume aliyelima upande wa pili wa mfereji, alivuka na kupanda mpunga kwetu. Alidai mpaka unaishia kabla ya mfereji. Baraza la kijiji lilipanga siku ya kusikiliza, na bibi alikuwa na barua ya kugawiwa shamba, kurasa mbili, iliyopigwa na ofisi hiyo hiyo miaka mingi nyuma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lake na muhuri. Wa pili ulieleza mipaka. Nakala ya ofisi ilikuwa imeliwa na mchwa, jambo ambalo kila mtu kijijini alilijua, jirani yule pia.

Wiki moja kabla ya baraza, bati lilivuja juu ya sanduku. Siku hiyo hiyo robota la karatasi za kufungia nalo lililowa. Jua lilipochomoza bibi alitandika mkeka uani, akaanika kila kitu: barua za sanduku upande mmoja, karatasi za vitumbua upande mwingine, mawe madogo juu yake. Kila nyumba ya mtaa ule ilifanya hivyo masika. Saa kumi wingu likaja ghafla kutoka milimani, naye alikuwa kisimani. Nikakusanya mkeka mzima kwa mikono miwili, nikakimbia ndani, kisha nikatenganisha.

Ukurasa wa pili wa barua ulikuwa mkononi mwangu. Nakumbuka vizuri, kwa sababu niliusoma. Haukuwa na jina wala muhuri. Ulianza: "shamba lina urefu wa hatua mia mbili kufuata mfereji, na upana wa hatua mia na ishirini hadi kwenye mkuyu." Nilikuwa nimefanya maswali ya namna hiyo wiki nzima. Nilichotegemea kufuata ni "tafuta eneo lake." Nikauweka kwenye mafungu ya mitihani ya hesabu, na asubuhi, nikiwa nimechelewa, nikauchana vipande vinane, nikafungia vitumbua. Bibi akaenda navyo langoni mwa shule yetu, akauza vyote mapumziko ya saa nne.

Niliporudi kula mchana nilimkuta amekaa sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi. Alikuwa akirudisha karatasi zake moja moja: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mama yangu, barua.

"Za kwikwi zilikuwa mbili," akasema. "Naona moja."

Alinitazama muda usiozidi wa kumeza mate. Halafu akafunga kanga yake na kuuliza, "Shuleni kwenu taka wanachoma saa ngapi?"

"Ni leo, saa tisa."

Ilikuwa saa saba na nusu. Tulitembea haraka, yeye mbele. Mwalimu wa zamu, mwanamke kijana aliyependa utani, alikuwa kivulini mwa ukuta na kiberiti mfukoni.

"Shikamoo bibi. Leo umerudi mara ya pili, vitumbua si tulivimaliza?"

"Marahaba mwanangu. Shimo mmeshalichoma?"

"Bado."

"Niruhusu niingie."

"Shimoni? Bibi, mle kuna nini?"

"Kuna shamba langu."

Mwalimu alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha kucheka. Aliweka kiberiti juu ya ukuta. Watoto walikuwa wamekwisha kutuona. "Bibi Vitumbua kaingia shimoni!" alipiga kelele mmoja. "Anafuata makombo!" akadakia mwingine. Mwalimu akawatawanya, lakini walibaki mbali kidogo, na baadhi walikuwa wa darasa langu.

Shimo lilikuwa na taka za siku nne: majani ya kufagia, maganda ya miwa, na mamia ya vipande vya karatasi vilivyolowa mafuta, vimekunjwa, vimekanyagwa. Nilianza kufanya kazi kama msomi. Niliokota kipande, nikakikunjua, nikakisoma: "na ku." Nikaokota kingine: "di kwe." Kingine: "ha." Kila kimoja kilinichukua muda, na nilipomaliza kukisoma sikujua zaidi ya nilivyojua kabla. Kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja, maneno hayana habari yoyote.

Bibi hakukunjua. Alifungua pembe kwa kidole gumba, akatupa. Alifungua, akatupa. "Viatu," alisema kwa sauti ndogo. "Viatu. Peku. Mafua. Mafua. Viatu." Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayechagua mchele. Kisha akanyamaza, akakishika kimoja kwa vidole viwili na kunionyesha. Kilikuwa na maneno mawili tu na nusu, na ndani yake k moja, imeinuka kutoka kwenye mstari kama mtu aliyeguswa begani ghafla.

Niliacha kusoma. Nikaanza kutazama. Tulivipata sita kabla ya saa tisa, cha sita nikakiona mimi. Cha saba kilikuwa kwa fundi baiskeli aliyenunua langoni kila siku. Alikuwa amefutia mnyororo, akatuomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Cha nane hatukukipata. Jioni bibi alivigandisha kwa uji wa unga wa ngano nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akitumia k zilizoruka kusawazisha mistari. Palibaki pengo kwenye kona ya chini, mahali ambapo mipaka ya upande wa mfereji ilimalizikia.

Baraza lilikaa asubuhi, ndani ya ofisi ya kijiji, kwa kuwa nje palikuwa na tope. Mwenyekiti alikaa nyuma ya meza, karani pembeni yake na taipureta ikiwa imefunikwa kitambaa. Watu waliobaki walijaza mlango na madirisha. Mimi nilikuwa mlangoni, nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo niliyokuwa nayo iliyo nzima.

Jirani alisema kwa adabu. "Mwenyekiti, mimi na mama huyu hatuna ugomvi, nauliza tu. Vipande vinane, kimepotea kimoja, na hicho hicho ndicho cha mfereji. Huenda kilisema kitu asichokipenda. Na anayefunga vitumbua pale Lipangalala ni huyo mtoto mlangoni. Darasa la tano. Msomi hachani barua asijue anachana nini. Ametumwa."

Watu walinigeukia. Mwenyekiti akauliza, "Mama, nani aliichana?"

"Mimi," akasema bibi.

"Mtoto je?"

"Mtoto hakugusa. Mimi sikusoma, mwenyekiti. Karatasi kwangu ni karatasi. Herufi zote naziona sawa."

Alisema hivyo mbele ya watu waliomfahamu tangu alipofika bondeni akiwa msichana, akitokea upande wa Mahenge. Mwanamke mmoja dirishani alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini, kutosoma kubaya." Bibi alitazama mikono yake.

Jirani hakuwa mjinga. "Sawa," akasema. "Basi kama herufi zote anaziona sawa, hivi vipande amevitambuaje katika shimo la taka? Hata karatasi ya mtihani angeweza kutugandishia hapa."

Mtego ulikuwa mzuri, na bibi ndiye aliyejifunga ndani yake. Angejibu kweli, ingejulikana kwamba asingeweza kuchana barua ile kwa makosa, na macho yangerudi kwangu. Kisha akainua uso na kunitazama, bila ishara yoyote, kama alivyokuwa akinitazama jioni tukichambua na ameniachia karatasi niitaje mimi.

"Shikamooni," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Naomba karani apige herufi k."

"K gani?" karani akauliza.

"Yoyote. Mashine ya shule k inakaa kwenye mstari. Ya hapa inaruka."

Watu walicheka kidogo. Karani akafunua kitambaa, akatia karatasi, akapiga mstari mzima: kaka, kuku, kiko, keki. Akauinua kwenye mwanga, kisha akaweka kando yake kalenda yetu iliyogandishwa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Inaruka kweli," akasema. "Miaka yote napiga mimi, sijawahi kuiona."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono hadi kwa jirani, naye akairudisha kwa karani.

"Mtoto, nani kakufundisha kuona hivyo?" mwenyekiti akauliza.

Nilikuwa na jibu. Lakini jibu hilo lilikuwa limekwisha kufungwa na maneno ya bibi.

"Shuleni," nikasema.

"Mmeona?" mwenyekiti akawaambia watu. "Mmeona faida ya kusomesha watoto?" Wakapiga makofi. Bibi naye alipiga.

Baraza liliamua kwamba shamba ni lake. Kwa sababu kona ilikosekana, ukanda wa kando ya mfereji uligawanywa katikati, nusu kwetu, nusu kwa jirani. Ni ukanda unaoshika maji vizuri kuliko sehemu nyingine yote. Nimeulima upande wetu kwa mikono yangu, na najua thamani ya ule mwingine.

Tukiwa njiani kurudi, viatu mkononi kwa sababu ya tope, bibi alitangulia mbele. Kisha akasema, "Umesema vizuri. Ila ungewaambia na n. Mguu wake wa kulia umekatika."

"Bibi," nikaanza, "ile karatasi..."

"Mimi huchania gotini, inanyooka. Wewe unachana hewani, ukingo unatoka na meno. Viliponifikia mkononi mle shimoni nilijua." Akahamisha viatu kwenda mkono mwingine. "Tembea, mvua inakuja."

Hakulirudia tena, nami sikulirudia. Mtaani habari ilikaa kama ilivyosemwa barazani: bibi asiyejua kusoma alichana barua ya shamba, mjukuu msomi akaiokoa. Aliisikia ikisimuliwa kisimani, kanisani, kwenye misiba. Kila mara aliitikia kwa kichwa.

Taipureta ile sijui iliishia wapi. Ofisi ya kijiji sasa ina kompyuta, na barua zake zinafanana na za shule, za zahanati na za mtu anayeuza kuku. Vitumbua vya Lipangalala nilivikuta vikifungwa kwenye karatasi nyeupe isiyoandikwa chochote, safi, na mafuta yakiingia hayakutani na neno. Mwenye duka wa pwani alifariki, duka ni la wanawe. Sikumkuta mtu hata mmoja mtaani anayeweza kutofautisha mashine kwa herufi zake, na kusema kweli hakuna tena anayehitaji. Ujuzi ule ulikuwa wa mtu mmoja. Alinirithisha robo yake, na mbele ya watu alisema hana.

"Mama, sikiliza kama nimepatia," binti wa steshenari akasema. Akasoma kwa sauti: "'Ukurasa wa pili ulichanwa kwa makosa na marehemu bibi yangu, ambaye hakujua kusoma.'"

Ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Nilikuwa nimenakili kutoka kwenye muhtasari wa baraza, kwa sababu mimi ni mtu wa kufuata kumbukumbu zilizopo.

"Futa hapo," nikasema.

"Yote?"

"Sentensi hiyo. Andika: Ukurasa wa pili niliuchana mimi, nikiwa darasa la tano, baada ya kuusoma. Vipande vilitambuliwa na bibi yangu kwa umbo la herufi."

Vidole vyake vikasimama. "Mama, hayo ya umbo la herufi wanayahitaji kweli? Hawatakurudishia fomu?"

"Wakirudisha nitakuja tena. Andika."

Akaandika, akachapisha. Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Alinionyesha pa kusaini, lakini kwanza nikaipeleka mlangoni penye mwanga, nikazitafuta k, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa ukurasa. Zote zilikuwa zimekaa kwenye mstari.